Nyanjige na Ndama Wake wa Tumboni

Ukitaka kumjua Nyanjige, usianzie hospitali. Anzia kwenye jembe.

Mwanamke huyu wa pembezoni mwa mji wa Bariadi, mke wa Malimi na mkulima wa pamba, alikuwa akirusha jembe juu hadi watu wanakinga macho kwa mikono. Jembe linazunguka hewani, naye huku chini anazunguka, anapiga goti, anaudaka mpini bila hata kuuangalia. Hiyo ndiyo bugobogobo, ngoma ya majembe, na katika kikundi chao cha Wagika hapakuwa na mwingine wa kudaka namna ile. Wanaume wazima walikwenda kujaribu kwa siri nyuma ya zizi, wakarudi na manundu usoni, na ukiwauliza wanasema wamegonga mlango. Milango ya Bariadi ilisingiziwa mengi miaka ile.

Kisha tumbo likamgeuka.

Alianza kuharisha, mara akaanza kuharisha damu, na ikawa hivyo miaka. Mmoja akasema ni amiba, mwingine taifodi, wa tatu akamtaja jirani. Malimi ni mtu wa kanisani, lakini ana mashangazi wengi, na kila shangazi ana mganga wake. Nyanjige alikunywa vidonge, akanywa mizizi, akanywa vitu ambavyo mpaka leo hapendi kuvikumbuka. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara tatu. Jembe lake likatundikwa ukutani, na buibui wakajenga.

Mwisho wa kuhangaika kwao ulikuwa hospitali moja kubwa ya Mwanza. Daktari alimwingizia kamera, akaangalia, akamwita Malimi naye aangalie. Utumbo mpana wote ulikuwa vidonda vitupu.

"Huu hauponi tena," daktari akasema. "Tutautoa."

"Kipande gani?" Nyanjige akauliza.

"Wote."

"Wote! Sasa chakula kitapita wapi, daktari? Kitarudi kilikotoka?"

Daktari alicheka, akachukua kanga iliyokuwa miguuni pa kitanda, akaikunja ncha yake. Wataukunja hivi mwisho wa utumbo mwembamba, alisema, waushone uwe kifuko kidogo humo humo ndani, kisha wauunganishe na njia yake ya siku zote. Kifuko ndicho kitakachokusanya choo badala ya ule utumbo ulioondoka. Ila kwanza mishono ipone. Mpaka hapo choo kitatokea kwenye tundu dogo tumboni, kiingie kwenye mfuko wa plastiki unaobandikwa nje.

Huo mfuko wa nje Nyanjige hakuupenda hata siku moja. Jua la Simiyu halina huruma na gundi, na jasho likishaanza, mfuko nao unaanza kuachia pembeni. Alivaa magauni mapana, akakaa viti vya nyuma, akajifunza kukohoa kwa sauti tumbo likitaka kunguruma mbele za watu. Aliuvumilia kwa sababu aliahidiwa kuwa una mwisho.

Na mwisho ulifika. Walimrudisha Mwanza, wakalifunga lile tundu, wakamwambia asubiri. Alisubiri amelala, sikio lote liko tumboni. Siku ile mambo yalipojibu, aliingia chooni akakaa humo, na ghafla wodi nzima ikasikia kilio. Nesi Specioza, mwanamama mnene wa Kagera aliyekuwa akimhudumia, alikuja mbio akagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Mama Nyanjige! Umeanguka?"

"Sijaanguka! Nimeenda, sista! Nimeenda kama watu!"

Wodi ililipuka kwa kicheko. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, ambaye mshono wake haukumruhusu kucheka, alishika tumbo akamwomba Mungu awanyamazishe. Nyanjige alitoka na machozi mashavuni, akamkumbatia Specioza, na nesi naye akaona hakuna njia ila kulia kidogo.

Kabla ya kumruhusu, Specioza alimkalisha kitandani akamweleza. Kifuko bado ni kichanga, hakijajua kazi. Mwanzoni kitamwita mara nyingi sana, mchana na usiku, asiogope. Ale kidogo kidogo, asikae na njaa. Wali, ugali na ndizi vinakaza, pilipili aiache kwanza, na mahindi ya kuchoma awaachie wenye utumbo wao. Maji anywe ya kutosha, na chumvi asiinyime. Akiitwa asikimbie palepale, ajibane kidogo, kesho kidogo zaidi, mpaka kifuko kitanuke na misuli ikumbuke.

"Na hili ulishike kuliko yote," akasema. "Usijinyime chakula ukidhani utapumzika na choo. Kifuko kitupu kinajaa hewa na maji makali. Hapo ndipo kitakutia aibu."

"Nimesikia," akajibu Nyanjige. Alikuwa amesikia kweli. Kusikia hakujawahi kuwa tatizo lake.

Nyumbani alikuta Malimi amechimba choo kipya hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma, kina bati, kina mlango, kina ndoo ya maji na kopo la mafuta ya mgando, maana nesi alishasema ngozi itawaka moto. Majirani walimcheka. Mwanaume mwenye ng'ombe zizini anakwenda kukipaka choo rangi ya bluu! Malimi akakipaka mara ya pili.

Ni yeye aliyekipa kile kifuko jina. Wiki zile za mwanzo, Nyanjige alikuwa akiamka na kulala, akiamka na kulala, mpaka anasinzia mezani mkono uko kwenye bakuli. Asubuhi moja alikata tamaa kabisa, akasema bora wangemwachia mfuko wake wa nje. Malimi alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa.

"Ndama akiachishwa ziwa analiaje?" akamuuliza.

"Analia kutwa kucha."

"Unamchinja?"

"Nani anamchinja ndama?"

"Basi huyo wako naye ni ndama tu. Anazoeshwa. Baada ya muda atajua saa zake."

Tangu hapo, kila kukicha salamu ya nyumba ile ikawa moja. "Mwangaluka, mayu. Ndama kalalaje?" Na Nyanjige anajibu: kalala vizuri, au kasumbua, au katoroka nikamkamata mlangoni. Watoto nao wakadaka lugha hiyo, mgeni akija anadhani kuna mnyama mgonjwa ndani.

Ndama akazoea kweli. Siku Nyanjige alipolala usiku kucha, aliamka kwa hofu akidhani amekufa, kisha akamtikisa Malimi kwa furaha mpaka kitanda kikalia. Siku alipokaa misa nzima, na padri siku hiyo aliamua kutumaliza kwa mahubiri, alitoka kanisani akitembea kama bibi harusi. Akaanza kutofautisha hewa na mzigo, jambo ambalo ninyi na mimi tunalichukulia poa lakini yeye alilisherehekea kwa kuchinja kuku. Akaweza kuitwa akiwa shambani, akamaliza mstari anaoupalilia, akaweka jembe chini kwa heshima zake, ndipo akaenda. Mwili ukarudi. Kanga ikarudi kuzunguka inavyotakiwa.

Jioni moja akalishusha lile jembe ukutani, akapangusa buibui, akatoka uani. Alirusha. Akazunguka, akapiga goti, akanyoosha mkono, na mpini ukamjia kiganjani kama uliokuwa ukimtafuta siku zote. Alipiga kelele mpaka mbwa wakajibu.

Kesho yake alikwenda kwa Mayunga.

Mayunga ndiye ningi wa kikundi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, mtu wa maneno machache anapozungumza na mengi mno anapoimba. Alikuwa na habari kuwa Nyanjige alipasuliwa Mwanza, lakini alipasuliwa nini hakuuliza, na Nyanjige hakumwambia.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Basi umekuja wakati wake. Pamba ikishauzwa tunakwenda Mwandoya. Tunakutana na Wagalu wa Lingeka. Mwandu mwenyewe."

Mwandu wa Lingeka! Ningi mwenye spika kubwa, kikundi kikubwa na majigambo makubwa kuliko vyote viwili.

Kwa asiyejua mashindano haya, hakuna meza ya waamuzi pale. Wagika wanacheza upande mmoja wa uwanja, Wagalu upande wa pili, kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda kwa anayewavutia. Mwisho wa siku, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kila kikundi kina dawa ya kuvuta watu, na dawa ya kuwaharibia wenzao. Na mchezaji akitoka uwanjani ngoma ikiwa inalia, hakuna anayeuliza kapatwa na nini. Kashikwa na dawa, basi. Umati unawahama palepale. Dawa ya Mwandu ilisifika kwa kushika tumbo. Msimu uliopita mpiga ngoma mmoja wa Wagika aliyekula samaki wa juzi alikimbilia vichakani, na Mayunga akabaki anawaimbia kunguru.

"Tumbo lako ni la kuaminika?" Mayunga akauliza. "Kama si la kuaminika sema sasa hivi, Joyness ataongoza majembe." Joyness ni binti mwepesi wa miguu aliyeshika nafasi ya Nyanjige wakati wote wa ugonjwa, naye alikuwa amesimama pale pale, jembe begani, akimtazama dada yake wa ngoma kwa macho ya kumtakia mema na kumtakia mabaya kidogo.

"Tumbo langu ni zima," akasema Nyanjige.

Malimi alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Waambie ukweli."

"Niwaambie nini? Kwamba nina kifuko kilichoshonwa tumboni? Watasema ndimo ninamoweka dawa!"

"Ukiitwa katikati ya ngoma?"

"Sitaitwa. Sitakula."

"Nesi alisema..."

"Nesi hajawahi kushindana na Mwandu."

Basi mwanamke huyu, aliyefuata masharti yote ya Mwanza kama amri za Mungu, aliacha kula tangu mchana wa siku ya kuamkia safari. Na alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye Fuso ya dereva Kasmiri, jembe mkononi, tumbo jepesi, akijiona mjanja kuliko madaktari wote.

Barabara ya Mwandoya haihitaji kusimuliwa, aliyeipita anaijua na asiyeipita asijaribu kuiwaza. Wenzake walifungua viazi na mayai ya kuchemsha. Yeye alisema amefunga, kwa ajili ya ushindi. Wakamwangalia kwa heshima. Kabla ya nusu ya safari tumbo likaanza kunguruma kama gari la pili, na Nyanjige akajibana, akaimba kwa sauti kulifunika. Alitamani sana kugonga paa la dereva asimamishe gari. Lakini hakuna mtu mwingine aliyegonga, safari nzima, watu wote wamekaa wima wameuma meno. Angeanzaje yeye, wa kupasuliwa, aliyesema tumbo lake ni zima? Walipofika Mwandoya alishuka kwa kuteleza na kukifuata choo cha shule kabla salamu hazijaisha. Akatoka, akajipangusa uso. Imetosha, akajiambia. Sasa hamna kitu tena.

Hewa ilikuwepo. Na maji makali nayo.

Uwanja ulikuwa pembeni ya shule ya msingi, na watu walishajaa toka Lingeka, toka vijiji vyote vya jirani, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, wengine wakiswaga mbuzi wa mnada. Mwandu alikuwa tayari kwenye spika yake akieleza jinsi atakavyowarudisha watu wa Bariadi kwao wakilia. Ngoma zikaanza. Pande zote mbili kwa pamoja, ardhi ikatetemeka, vumbi likapanda, na Nyanjige akasahau kila kitu.

Nisingependa kukudanganya kwamba naweza kueleza alivyocheza. Miaka yote ya kulala, ya damu, ya mfuko wa nje, yote aliitia miguuni. Jembe lilipanda, likashuka, likapanda. Watu wa upande wa Mwandu wakaanza kugeuza shingo. Wachache wakavuka. Wengine wakavuka. Joyness nyuma yake alikuwa akicheza huku anacheka, amesahau wivu wote. Mayunga aliimba mishipa ikamtoka shingoni. Umati sasa ulikuwa nusu kwa nusu, na Nyanjige alijua kabisa kwamba kwa mrusho mwingine mmoja mzuri mizani italala kwao.

Hapo ndipo ndama akalia.

Hakikuwa kilio cha kuomba. Kilikuwa kile cha mwisho. Alijibana kama alivyofundishwa, akacheza akiwa amejibana, jasho la baridi likamtoka juani. Alijua ana njia mbili tu. Abaki, aaibike mbele ya nusu ya wilaya ya Meatu, tena akiwa na kanga nyeupe. Au atoke, na kikundi kizima kishindwe kwa ajili yake, na asiitwe tena uwanjani mpaka anaingia kaburini.

Akalirusha jembe mara ya mwisho, akalidaka, akageuka kuelekea shule. Lakini hakukimbia. Miguu yake haikukubali kukimbia mbele ya Mwandu. Aliondoka akicheza, jembe juu, mabega yakienda na ngoma, hatua fupi fupi za mtu aliyejibana, ambazo kwa mbali zilionekana kama mtindo mpya kutoka Bariadi.

Mwandu alimwona. Na hapo akafanya kosa ambalo anachekwa nalo mpaka leo. Angenyamaza, angeshinda. Lakini mtu mwenye spika mkononi na dawa moyoni atanyamazaje?

"Mnaona!" sauti yake ikapasua uwanja. "Nyanjige wa Bariadi huyooo! Dawa imemshika! Mtazameni! Mtazameni anavyokwenda!"

Umati ukatazama. Na wewe unajua watu wetu, macho yakishakwenda, miguu haibaki nyuma. Walianza watoto. Wakafuata akina mama, waone dawa inamfanya nini. Wakafuata wanaume, wakisukuma baiskeli zao kana kwamba walikuwa wanaelekea huko tangu mwanzo. Mayunga alikuwa amefura kwa hasira, lakini si mjinga. Aliona umati unaelekea wapi. Akainua mkono.

"Fuateni!" akawaambia wapiga ngoma. "Msinyamazishe! Fuateni!"

Nyanjige alikuwa ameshaingia, ameshachuchumaa, ameshashukuru Mungu, alipozisikia ngoma zinakuja. Mwanzoni alidhani ni mapigo ya moyo. Kisha akasikia na nyimbo. Kisha sauti za watu wengi, karibu, karibu zaidi, mpaka zikauzunguka ukuta.

"Yesu na Maria," akasema. "Wamekuja wote."

Alijisafisha kwa maji ya ndoo, polepole. Hapakuwa na dirisha la kutokea, na hata lingekuwepo, nje kulikuwa na Mwandoya nzima. Aibu ilimpanda kutoka miguuni hadi masikioni. Miaka yote amelificha tumbo hili, na sasa limemletea wakazi wa wilaya nzima mpaka mlangoni pa choo. Akaliona jembe lake, limeegemea ukuta. Bila sababu yoyote akakumbuka kile kilio cha wodini, jinsi alivyopiga kelele mbele ya wagonjwa wasiomjua. Nimeenda kama watu! Siku ile hakuona haya. Alikuwa na furaha mno. Sasa leo, hiyo haya inatoka wapi, na jambo ni lile lile?

Akachukua jembe, akafungua mlango.

Ngoma zikanyamaza. Watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani, wengine wamepanda juu ya madawati mabovu yaliyotupwa nje. Mayunga alisimama mbele, jicho jekundu.

"Nyanjige. Ni dawa ya Mwandu?"

"Dawa ya Mwandu!" Nyanjige akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyoitarajia. "Dawa ya Mwandu si inashika utumbo? Utumbo wenyewe sina! Ulibaki Mwanza!"

Hakuna aliyecheka. Hawakujua kama ni ruhusa.

"Niliharisha damu miaka, mnajua wengine wenu," akaendelea. "Madaktari wakautoa utumbo mpana wote. Wakanishonea kifuko huku ndani, kutoka kwenye huu mwembamba. Kikijaa, nakwenda. Nikishakwenda, narudi. Leo nimejinyima chakula ili msijue, na nesi alinikataza, ndiyo kikanikomesha. Basi. Hakuna dawa, hakuna mchawi. Nilikuwa nakufa, sasa nakwenda chooni. Nimekwenda, na nimerudi!"

Akalirusha jembe.

Alilirusha kwa hasira na kwa raha, likapanda juu ya bati la choo, juu ya mti wa mwarobaini, watu wote vichwa juu, midomo wazi. Akazunguka, akapiga goti pale pale kwenye mchanga, akanyoosha mkono bila kuangalia.

Likatua kiganjani.

Bibi mmoja akapiga kigelegele, na kilipopigwa hicho, hapakuwa na wa kuzuia vingine. Ngoma zikalipuka. Mayunga, palepale, bila kujiandaa, akaanzisha wimbo wa Nyanjige kaenda na Nyanjige karudi, umati ukaupokea kwa nguvu kana kwamba wamezaliwa nao. Walicheza mbele ya vyoo vya shule, vumbi likapanda mpaka madarasani. Kule uwanjani Mwandu alibaki na spika yake, wapiga ngoma wake na mbuzi wa watu.

Baadaye, jua likiwa limeinama, Mwandu mwenyewe alikuja, jasho limemkauka usoni. Nyanjige alikuwa amekaa mkekani na sahani ya wali na kikombe cha maziwa ya mgando, anakula bila kumwangalia mtu.

"Mwadila, mayu," akamsalimia.

"Mwadila, baba."

Mwandu alichuchumaa, akapunguza sauti. "Ni kweli huna utumbo?"

"Mpana sina."

Mwandu akakuna kidevu. "Sasa mtu kama wewe," akasema kwa masikitiko ya kweli, "mtu anakushika wapi?"

Mwandu alipoondoka, Mayunga akaja. Alisimama akichezea kijiti cha ngoma.

"Ungeniambia."

"Ungenitoa, ukamweka Joyness."

"Ningekutoa," akakiri. "Kweli ningekutoa."

"Na sasa?"

"Sasa nikutoe vipi, nawe ukiondoka unaondoka na umati?" Akainama, akachukua tonge la wali kwenye sahani yake, jambo ambalo Mayunga hamfanyii mtu, akaenda zake.

Waliondoka Mwandoya jua linazama, Fuso imejaa nyimbo. Walipofika kwenye tambarare, mashina ya pamba yaliyovunwa pande zote, Nyanjige alihisi ndama anaamka. Safari hii kilikuwa kilio cha kuomba, cha adabu, cha aliyeshiba. Angeweza kujibana hadi kijiji kinachofuata. Akasimama, akachukua mpini wa jembe, akagonga paa la dereva kwa nguvu.

Kasmiri alifunga breki, akatoa kichwa dirishani. "Kuna nini huko?"

"Nakwenda chooni!" Nyanjige akajibu, mbele ya wote, wala hakupunguza sauti.

Akachukua chupa yake ya maji, akashuka, akaenda mpaka nyuma ya kichaka. Hakuharakisha. Upepo ulikuwa mzuri, na anga lote lilikuwa la rangi ya mhogo uliokaangwa. Alifanya yake, akajisafisha, akarudi kwenye gari akivuma ule wimbo wa Mayunga.

Gari lilikuwa tupu.

Wanaume walikuwa wametawanyika kule, wanawake huku, kila kichaka kina mtu wake, na Mayunga mwenyewe alionekana mbali kabisa, akitembea kwa haraka kuelekea mabua ya mtama. Hata Kasmiri hakuwepo kwenye usukani. Joyness alitokea nyuma ya kichuguu akifunga kanga yake, uso umemng'aa.

"Dada, wabeja, asante sana! Mimi tangu asubuhi nilikuwa nimebanwa. Nikasema, kama Nyanjige wa kupasuliwa anavumilia, mimi nitagongaje?"

"Na wewe pia?"

"Sote, dada! Sote!"

Nyanjige akacheka mpaka ikabidi ashike tairi. Kisha akapanda, akasimama peke yake katikati ya lile Fuso, akagonga paa kwa mpini wa jembe, akapaza sauti juu ya mashamba ya pamba yaliyojaa watu waliochuchumaa.

"Jamani, fanyeni haraka, mnatuchelewesha!"